Maji ya Uvira Hupimwa kwa Saa

Simama ufukweni Kimanga, mtaa wa Uvira, alfajiri umtazame mwanamke anavyochota maji ziwani. Hachoti pale mawimbi yanapovunjikia. Anakaza kitenge, anaingia mpaka maji yamfike kiunoni, anapangua povu kwa kiganja kushoto na kulia, kisha anaizamisha bidoni ya manjano huku mdomo wake umeelekea ziwa kuu. Lita 20. Hatua chache nyuma yake watoto wanaoga, kijana anaosha pikipiki, wengine wanasuuza ndagala kabla ya kuzianika mchangani. Anajua vizuri tofauti ya maji ya ukingoni na maji ya mbele, na hakuna mganga wala muuguzi aliyemfundisha zile hatua za kufika kiunoni. Ila kijidudu cha kipindupindu hakipanguliwi kwa kiganja.

Ziwa lenyewe ni la kutisha kwa ukubwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina kinachofika mita 1,470, na limebeba takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo wazi juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zinaligawana. Uvira, mji wa Kongo uliokaa kwenye pembe yake ya kaskazini-magharibi, na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge ikikatiza mitaa yake kutoka milima ya Mitumba, unawezaje kuwa miongoni mwa makao ya kudumu ya kipindupindu katika Afrika ya Kati?

Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza, ziwa limechafuka. La pili, watu hawana elimu ya usafi. Yote mawili yana ukweli kiasi, na yote mawili yana faida kwa anayeyatoa, maana hayamgusi yeyote mwenye ofisi. Mimi nadhani tatizo la Uvira lina umbo jingine. Maji mazuri yapo mjini, yanasafishwa, yanatiwa dawa, yanapita kwenye mabomba. Kinachokosekana ni mfululizo. Ubora wa maji ya Uvira haujulikani kwa kuyaangalia kwenye glasi tu, unajulikana pia kwa kuuliza: robine imetoa saa ngapi leo, na jana je?

Lakini tuanze juu, maji yanakotoka.

Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Ungekuwa unatoka, huenda ungekuwa mwanzo wa Nile. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Jibu hilo halikuwafurahisha wageni, na ilibidi Stanley na Livingstone waje mwezi wa Novemba 1871, wafike kwenye mdomo wa mto, waone kwa macho yao kile ambacho wenyeji walikuwa wamekisema miaka 13 kabla. Ruzizi unaingia. Unateremka kilomita zipatazo 117 kutoka ziwa Kivu, lililo kwenye mita 1,460 juu ya bahari, mpaka Tanganyika lililo chini yake kwa karibu mita 700.

Na haukuwa hivyo tangu asili. Zamani sana maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa nyuma ya ukuta huo wa lava hata yakapata mwanya upande wa kusini. Ndiyo maana mtu wa Uvira, ambaye haoni volkano yoyote kutoka barazani kwake, anaishi na kazi ya volkano kila siku. Chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka katika Tanganyika zililetwa na Ruzizi kutoka kwenye chemchemi na miamba ya Kivu. Maji ya ziwa yana ukali kidogo wa magadi, pH yake inakaribia 9. Anayeyanywa tangu utotoni haoni ajabu, lakini mgeni huhisi ladha. Na hapa pana jambo la kuangaliwa: maabara zinapotaka kukikuza kijidudu cha kipindupindu hukiweka katika maji yenye ukali wa namna hiyo hiyo, kwa sababu huyapenda. Wataalamu, akiwemo Mkongo Didier Bompangue, wameonyesha kwamba kanda za afya zilizo kando ya maziwa ya mashariki huugua zaidi kuliko zile za mbali nayo. Ubishi uliobaki ni kama ziwa ni nyumba ya kijidudu hicho au ni barabara tu ambayo watu, mitumbwi na masoko hukisafirishia. Kwa mtu mwenye bidoni mkononi, ubishi huo haubadilishi kitu.

Linganisha na mji wa Goma, ulio juu ya lava yenyewe, ukingoni mwa Kivu. Pale mvua inanyesha kweli kweli, lakini mwamba wenye matundu unaimeza yote, hakuna mto unaopita mjini. Ni sawa na Ngazidja kule Komoro, kisiwa cha volkano ya Karthala: mvua nyingi, mito ya kudumu hakuna, watu wakajenga mabirika ya kuvuna maji ya paa, na visima vya karibu na pwani vikiwa na chumvi. Goma haina bahari, ina Kivu, na karibu maji yote inayokunywa lazima yapandishwe kutoka ziwani kwa pampu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika pale juu ya mwamba usiochimbika choo wala kaburi, kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu wapatao 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja. Ziwa lilikuwa limejaa.

Uvira haina kisingizio cha mwamba. Imelala juu ya mchanga na mawe ambayo mito imeyashusha kutoka milimani kwa karne nyingi. Mito yake ni mifupi, mikali, na ina tabia mbili: kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hupungua hata ukavuka kwa kurukaruka juu ya mawe, na masika hushuka na kelele, rangi ya udongo, ikibeba magogo. Regideso, shirika la maji lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1939, huuhudumia mji kwa maji ya Mulongwe. Maji hutegwa, hutiwa shabu ili tope lishikamane na kuzama, huchujwa, hutiwa klorini, kisha hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu ya mji ili yateremke yenyewe kwenye mabomba. Ng'ambo ya pili, Bujumbura, mji unakunywa kwa sehemu kubwa maji ya ziwa lile lile yaliyovutwa mbali na ukingo na kusafishwa. Kwa hiyo ziwa linanyweka. Linataka mtambo tu, na mtambo unataka umeme.

Umeme ndio fundo la habari hii. Pampu za Uvira zinategemea umeme unaoteremka na nyaya kutoka Ruzizi I, bwawa lililojengwa karibu na Bukavu mwishoni mwa enzi ya Ubelgiji, na Ruzizi II iliyofuata mwaka 1989 kwa ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi. Angalia mzunguko wenyewe: maji ya Kivu yanazungusha mashine kule juu, umeme unakuja chini, unasukuma maji ya Mulongwe yapande matangini, mwanamke wa mtaa wa Kakombe afungue robine. Kiungo chochote kikikatika, nguzo ikianguka, mashine ikiharibika, mgao ukigeukia mtaa mwingine, bidoni zinabebwa kwenda ziwani. Hata masika, umeme ukiwepo, tope la Mulongwe linaweza kuzidi uwezo wa shabu na vichujio, na mtambo ukasimama mpaka mto utulie.

Kwamba bomba likikauka watu huugua, kila mama wa Uvira angekuambia. Kilichokosekana ni hesabu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Aurélie Jeandron wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya tropiki cha London walichapisha kazi ambayo kwangu mimi ni mojawapo ya maandiko muhimu kabisa juu ya mji huu. Walichofanya ni rahisi kukieleza. Walichukua madaftari mawili yaliyokuwa yamekaa katika mji mmoja bila kukutana: la Regideso, linaloandika kila siku maji kiasi gani yametoka mtamboni, na la kituo cha kutibu kipindupindu cha hospitali kuu, linaloandika kila siku wagonjwa wangapi wamelazwa. Waliyaweka pamoja kwa miaka ya 2009 hadi 2014.

Walikuta kwamba siku ambayo bomba halikutoa kabisa, kwa siku 12 zinazofuata kiwango cha wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo mtambo umefanya kazi vizuri. Yaani wagonjwa wanakuwa mara mbili na nusu. Katika wagonjwa wote wa miaka hiyo, asilimia 23.2 waliweza kuhesabiwa kwenye upungufu wa maji ya bomba. Takriban mmoja katika wanne. Hawa walilazwa kwa sababu ya siku fulani iliyo na tarehe, ambayo mtu angeweza kuifungua kwenye daftari na kuionyesha kwa kidole. Kusema tu kwamba ziwa ni chafu hakuwaelezi.

Yapo mawili mengine katika kazi hiyo yanayonigusa zaidi. Mitaa inayotumia sana maji ya bomba ilikuwa na wagonjwa wachache kwa jumla, jambo la kutarajiwa, lakini maji yalipokatika ndiyo iliyopigwa vibaya zaidi: kwao ongezeko lilikuwa karibu mara nne, na sehemu ya wagonjwa iliyotokana na upungufu ilifika asilimia 31.4. Nadhani sababu si ngumu. Aliyezoea ziwa ana desturi zake: anajua pa kuchota, pengine anachemsha, pengine tumbo lake limekwisha kukizoea kijidudu. Aliyezoea robine akikatiwa ghafla anakwenda ziwani kama mgeni. Mtandao unaotoa maji nusu ya wiki unawafundisha watu kuutegemea, kisha unawaangusha.

La pili linahusu klorini. Watafiti hawakuona uhusiano kati ya kiasi cha klorini kilichobaki katika maji yanayoingia mabombani na idadi ya wagonjwa. Msomaji asielewe vibaya: klorini ni ya lazima. Lakini mji unaweza kuwa na maji yaliyotiwa dawa barabara na bado ukaugua, ikiwa maji hayo hayatoki. Ripoti nyingi za ubora wa maji hupima kilichomo ndani ya maji. Daftari la Uvira linasema pimeni pia kutokuwepo kwake.

Kiasi cha maji nacho kinasikitisha ukikipiga hesabu. Siku nzuri katika utafiti huo ilimaanisha meta za ujazo 4,794. Ugawe kwa mji uliokuwa na watu wapatao 200,000, kila mmoja anapata lita 24, ndoo moja na kidogo. Hapo tumejifanya hakuna bomba linalovuja njiani, na kwamba aliye mtaa wa Kavimvira anapata sawa na aliye jirani na tangi. Hiyo ndiyo siku nzuri.

Kukatika kwa maji kuna ubaya mwingine usioonekana ufukweni. Bomba lenye shinikizo linajilinda lenyewe: likiwa na tundu, maji husukumwa nje. Likikauka, tundu lile lile linafyonza. Mtaro unaopita juu yake, choo kilicho pembeni, dimbwi la mvua, vyote vinapata njia. Maji yakirudi, glasi ya kwanza imebeba uchafu wa siku zote za ukavu. Kisha kuna bidoni zenyewe. Mahali ambapo maji huja kwa saa mbili tu usiku wa manane, kila nyumba lazima ihifadhi, na maji yaliyohifadhiwa siku tatu kwenye bidoni yenye utelezi wa kijani kooni si yale yaliyotoka mtamboni. Nimewahi kuona mtu akiisafisha bidoni kwa kutia mchanga na kokoto, maji kidogo, na kuitikisa kwa nguvu kama anayecheza kayamba. Inasaidia. Lakini ukali wa kokoto huacha mikwaruzo ndani, na utelezi hushika vizuri zaidi kwenye mikwaruzo.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka, madaraja yakaondoka, na mitambo ya maji ya Regideso ikaharibiwa na mto ule ule unaoilisha. Mji mzima ulirudi ziwani, ukachota karibu na vituo vya klorini vilivyowekwa na mashirika, ambako kijana mwenye sindano isiyo na ncha hudungia dawa kwenye kila bidoni na kukuambia usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Nusu saa kwa maji maangavu. Kwa maji yenye tope dawa inaliwa na tope kwanza, na kijidudu kinabaki.

Watu husema mabadiliko ya tabianchi, nami sibishi. Ila mito ya Uvira ilianza kuharibiwa juu mlimani kabla neno hilo halijafika redioni. Miteremko ya Mitumba imekatwa miti kwa makaa na mihogo, na mvua haina tena cha kuishika. Mawe yaliyojaa kitanda cha Kalimabenge yametoka kwenye mashamba ya watu. Kila masika kitanda cha mto kinapanda, na nyumba zilizojengwa ukingoni, kwa kuwa kiwanja cha pale ni rahisi, zinajikuta chini ya usawa wa mto. Fundi wa maji akiweka kichujio kipya pale mtamboni anapambana na mkulima aliye kilomita nyingi juu yake, na wawili hao hawajawahi kuonana.

Tena ziwa nalo lilipanda. Miaka ya 2020 na 2021, na kwa kishindo zaidi mwaka 2024, Tanganyika liliingia mitaani Uvira, Kalemie na Bujumbura, na Gatumba ng'ambo ya mpaka ikakaa majini. Mto pekee unaotoka ziwani ni Lukuga, Kalemie. Stanley alipoupitia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na tope na mafunjo, ziwa likiwa juu. Mwaka 1878 kizuizi kilipasuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita nyingi. Maana yake ni kwamba sehemu ya ardhi tambarare ambayo Uvira imejengwa juu yake ilikuwa ziwa babu zetu walipokuwa hai. Ziwa likirudi kudai pake, kitu cha kwanza linachokifikia ni vyoo. Shimo la choo katika mitaa ya Nyamianda au Kilibula halizami kama nyumba, linafurika polepole kutoka chini, na yaliyomo yanaelea kwenda pale pale bidoni inapozamishwa.

Juhudi hazikukosekana, na nisizidharau. Tangu katikati ya muongo uliopita Ufaransa kupitia shirika lake la maendeleo, Umoja wa Ulaya na taasisi ya Veolia wamesaidia kuupanua mtandao wa Regideso kwa mabomba mapya na vioski vya robine za pamoja. Mwaka 2020 watu wa Uvira walipewa chanjo ya kipindupindu ya kumeza, na utafiti uliofanyika hapo baadaye ulionyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban nusu, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ni habari njema. Lakini chanjo inamkinga mtu dhidi ya bidoni, haibadilishi kilichomo ndani yake.

Nikiulizwa fedha zifuatayo ziende wapi, sitajibu robine. Robine mpya kwenye mtandao mkavu ni pambo. Ningeanza na umeme wa pampu, wenye laini yake pekee na akiba yake, ili mgao wa taa za mji usiuguse. Ningefuata na tangi kubwa la kushikilia siku moja au mbili za tope. Kisha hadharani, kwenye ukuta wa kila mtaa, saa za maji za wiki iliyopita, kwa chaki. Sheria ya maji ya Desemba 2015 imeleta mamlaka karibu na majimbo na kuondoa ukiritimba wa Regideso, na kuna wanaoona hapo ndipo wokovu. Mimi naona kwamba kampuni binafsi nayo itasukuma maji kwa umeme ule ule. Wengine wanasema watu hawalipi bili. Wengi hawalipi, ni kweli. Umlipe nani, kwa bomba lililotoa siku mbili mwezi mzima, huku umekwisha kumlipa kijana wa baiskeli anayekuletea bidoni mlangoni?

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu za Kivu zikanyamaza, na watu wakashuka ziwani na bidoni zao kama mwaka 1994. Mwezi uliofuata Bukavu ilianguka, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira, pamoja na watu wengi waliokuwa wakikimbia. Mji ambao siku zake nzuri zilikuwa za ndoo moja na kidogo ukawa mji mkuu wa muda wa jimbo.

Usiku robine ya Kakombe hutoa sauti kabla ya kutoa maji. Kwanza ni pumzi, hewa inayosukumwa bombani, kama mtu anayejaribu filimbi. Mwenye usingizi mwepesi ndiye anayeamsha nyumba, naye mara nyingi ni msichana wa miaka 12 au 13, kwa sababu ndiye atakayepanga bidoni. Ndoo ya kwanza inatoka na kutu na tope. Wenye uzoefu wanaiweka pembeni ya kuoshea sahani. Ya pili pia. Ya tatu, ikiwa bado inatoka, ndiyo ya kunywa.